Kamba manila, karatasi manila: jina la mji mmoja limefikaje kwenye kila duka letu?

#1 Mwalimu wa Muheza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ingia duka la mchanganyiko, liwe la Muheza, Kariakoo au Mwanza, useme tu "nipe manila". Muuzaji atakuuliza: ya kamba au ya karatasi? Ya kamba atakupimia kwa mita kutoka kwenye bunda la buluu au la kijani. Ya karatasi atachomoa shiti moja ngumu, nyekundu, njano, nyeupe, upendayo, aiviringishe na kuibana kwa rababendi isipate mkunjo njiani. Wanafunzi wangu wa darasa la sita waliniuliza vitu hivi visivyofanana hata chembe vimepataje jina moja, maana kimoja kinafungia mbuzi na kingine kinachorewa ramani. Swali zuri sana, na nimelifuatilia kwa moyo wote.

Jibu fupi ni hili: karatasi ilitengenezwa kwa kamba. Kamba kuukuu za meli zilikatwakatwa, zikapondwa, zikawa karatasi, na jina likahama pamoja nazo. Sasa niwape jibu refu, kwa sababu njiani kuna mambo yanayotuhusu sisi wenyewe.

Manila ni mji mkuu wa Ufilipino. Huko kuna mmea unaoitwa abaka, kwa jina la kitaalamu *Musa textilis*. Ni mgomba. Ukiuona shambani bila kuambiwa utaanza kutafuta mkungu wa ndizi, na utaukuta, ila vidole vyake ni vidogo vilivyojaa mbegu na havina faida mezani. Mali yake iko kwenye shina. Mkulima huangusha shina, anabandua magamba yake moja baada ya jingine, anatoa utepe wa nje wa kila gamba, kisha anauvuta kwa nguvu chini ya kisu kilichobanwa kwenye gogo. Nyama na maji vinabaki upande huu, upande wa pili zinatoka nyuzi ndefu zinazong'aa, nyingine zinapita mita 2. Zinaanikwa juani, zinafungwa mizigo, zinashushwa bandarini.

Abaka hailimwi Manila. Inalimwa Bicol, Leyte, Mindanao na kwingineko. Manila ilikuwa bandari ya kuisafirisha tu, lakini mnunuzi wa ng'ambo hakujua Bicol wala Leyte. Alijua ilikotoka meli, basi akaiita kwa jina hilo.

Mabaharia waliipenda kwa sababu moja kubwa. Kamba za Ulaya wakati ule zilikuwa za katani ya Urusi, nyuzi za mmea wa jamii ya bangi wala si mkonge wetu, na ilibidi zipakwe lami ili maji ya chumvi yasizioze. Zikawa nzito, nyeusi, zinachafua mikono na matanga. Ya manila haikuhitaji lami. Ilivumilia chumvi, ilikuwa nyepesi, na haikukatika ovyo. Kuanzia miaka ya 1820 wafanyabiashara wa Salem na Boston, jimbo la Massachusetts, Marekani, walikuwa wakiileta kwao kwa wingi.

Salem hiyo mnaijua hata kama hamjui kwamba mnaijua. Ndiko zilikotoka meli nyingi za Wamarekani zilizotia nanga Unguja zama za Sayyid Said. Mkataba wa biashara ulitiwa saini 1833, na konsuli wa kwanza wa Marekani aliyeanza kazi Unguja mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Walileta shuka za pamba ambazo bara nzima iliziita amerikani, wakaondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Bandari ileile ilipokea nyuzi za Manila kwa mkono mmoja na pembe za Unguja kwa mkono wa pili.

Sasa karatasi. Wakati huo karatasi haikutokana na miti. Ilitokana na matambara ya pamba na kitani yaliyookotwa na kununuliwa nyumba kwa nyumba. Uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka 1837 matambara yakawa adimu na ghali. Ndugu wawili wa ukoo wa Hollingsworth, wenye kinu cha karatasi huko Massachusetts, wakageukia kitu kilichokuwa kimerundikana bandarini: kamba kuukuu na matanga yaliyochakaa. Mwaka 1843 walipata hataza ya kutengeneza karatasi kwa nyuzi za manila. Hawakuipausha, ikabaki na rangi yake ya manjano iliyofifia kuelekea hudhurungi. Ilikuwa ngumu, haikuraruka hovyo, ikafaa sana kwa bahasha, mifuko na majalada. Wakaiita karatasi ya manila.

Leo kamba ya dukani ni ya plastiki, na shiti ya dukani imetoka kwenye miti na kutiwa rangi za kila aina. Abaka haimo katika hizo mbili. Jina limebaki kwenye kazi: kamba imara ya kazi yoyote ni manila, karatasi ngumu ya kuchorea ni manila.

Na sisi walimu ndio tunaoijua kuliko wote. Shiti moja ya manila darasa la kwanza ni kadi za silabi, ni saa yenye mishale miwili iliyobanwa kwa pini ili mtoto aizungushe mwenyewe, ni jedwali la kuzidisha, ni ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni. Mabaki yake ni alama za kuwekea vitabu na nyota za kumpongeza aliyefanya vizuri. Siku ya mahafali ya chekechea ni kofia za wahitimu. Siku ya ziara ya kiongozi ni bango la mwananchi mwenye kero ya maji, ameliinua juu ya vichwa vya watu ili msafara usimame. Nimefundisha shule ambako kitu pekee chenye rangi darasani kilikuwa manila tulizochora wenyewe, na watoto walisoma kwa hizo.

Naomba tuujenge uzi huu. Kwenu, kwenye kazi yako, manila inafanya nini?

#2 Mtunza Masjala

Mwalimu, ahsante kwa darasa. Mimi niko masjala, Dodoma. Kwetu ukisema manila ni jalada. Shiti imekunjwa katikati, ina tundu kwenye pembe, barua zinapigwa namba na kufungwa kwa tagi moja juu ya nyingine. Tunatofautisha kwa rangi, na mtu wa masjala akiona rangi tu anajua jalada hilo linashikwa na nani na halishikwi na nani. Uzuri wa manila ni mgongo wake. Jalada la mtumishi linaweza kupita mikono mingi kuanzia siku anaajiriwa mpaka anastaafu, na mgongo ukichanika tunafungua jipya na kuhamisha, hatuna ujanja.

Nina jambo la kuongezea. Bahasha kubwa ile ya rangi ya udongo sisi tunaiita bahasha ya kaki. Mmarekani ukimwonyesha atakuambia ni bahasha ya manila. Mmoja kalishika jina la ilikotoka nyuzi, mwingine la rangi. Kaki asili yake ni Kiajemi, maana yake vumbi au udongo, tukaijua kwa sare za askari na za shule. Kwa hiyo kwetu manila haikuja na rangi yake ya zamani, ndiyo maana mtu anasema "manila nyekundu" na hakuna anayeshangaa.

#3 Fundi Patani

Wakuu, salaam. Cherehani nazo msizisahau. Patani za kawaida tunakata kwenye karatasi za kaki, lakini mteja wa kudumu, hasa wa sare za shule, tunamkatia za manila. Kaki ukiizungushia chaki mara kadhaa kingo zinalegea, na kola ikikosewa hata kidogo shati zima linapinda. Manila haipindi. Mimi kila patani naitoboa tundu, naandika saizi na jina la kipande, mbele, nyuma, mkono, kola, halafu seti nzima naitundika kwenye msumari mmoja. Fundi mgeni akija leo anachukua seti na kukata bila kuniuliza.

Pia ndani ya kofia za kitambaa ngumu, ukingo wa mbele, wengine wanaweka manila. Sishauri. Mvua moja tu kofia imekwisha.

#4 Mkazi wa Voi

Habari zenu ndugu zangu wa Bongo. Huku Kenya tangu mtaala wa umilisi uanze, manila imekuwa kama unga, haikosekani kwenye orodha ya matumizi. Mtoto anarudi jioni na kusema, "Mama, mwalimu amesema kesho tulete manila." Duka limefungwa, nawe uko na watoto watatu, kila mmoja na rangi yake. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu kuna mzazi analala bila kulala akiwaza hiyo shiti moja. Walimu, tafadhali, mkihitaji manila semeni mapema, na mkubali hata kadibodi ya katoni ikiwa ndiyo iliyopo.

Sasa swali. Huku Voi na Mwatate tumezungukwa na mashamba ya mkonge. Je, mkonge na manila ni kitu kimoja? Nimekuwa nikisikia kamba ya mkonge ikiitwa manila na wazee.

#5 Mwalimu wa Muheza

Dada wa Voi, nimekusikia, na ninakubaliana nawe kabisa. Mimi darasani kwangu natumia mgongo wa kalenda zilizopita na katoni za sabuni, na saa ya katoni inafundisha vilevile.

Kuhusu mkonge: ni mimea miwili tofauti kabisa, lakini kihistoria ilikuwa washindani. Abaka ni mgomba wa Asia. Mkonge wa mashambani ni jamii ya mikatani ya Meksiko, na kwa lugha za Ulaya unaitwa sisal, jina la bandari ndogo ya Sisal kule Yucatán ilikosafirishiwa nyuzi. Hapo tena bandari imebeba sifa ya shamba. Sisi hatukulichukua jina hilo kwa sababu tulikuwa na letu. Mkonge wa porini, ule wenye majani yaliyosimama kama mikuki, babu zetu walishausokota kamba kabla mgeni hajaja, basi mgeni alipofika akaingizwa kwenye jina la mwenyeji.

Aliyeuleta ni Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche ilitoka Florida ikapitia Hamburg. Ilipofika Tanga, katika miche 1,000 iliyobaki hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mkonge wote uliofuata Tanganyika, na baadaye ule wa Kenya, ulianzia kwenye kizazi hicho. Mtu akipita barabara ya Segera kwenda Tanga akaona mistari ya mkonge haina mwisho, akumbuke kwamba mwanzo wake ulikuwa kitalu kidogo.

Mkonge haukuweza kuishinda manila baharini. Kamba ya mkonge ikishinda kwenye maji ya chumvi inachoka mapema. Ila kwa kufungia mizigo, nyasi na magunia ilikuwa rahisi na inatosha. Kisha vita vikabadili kila kitu. Wajapani waliingia Manila tarehe 2 Januari 1942, na Machi mwaka huohuo wakaichukua Java, ambako mkonge pia ulilimwa. Waingereza na Wamarekani wakajikuta wana majeshi ya majini na hawana kamba. Macho yote yakageukia Tanganyika na Kenya. Kuanguka kwa mji ule wa mbali kukawa amri ya kazi kwenye mashamba ya Korogwe, Muheza na Pangani.

#6 Mjukuu wa Manamba

Mwalimu, hapo umenigusa. Babu yangu alitoka Kigoma akaja Tanga kukata mkonge. Manamba. Wengine walitoka Songea, Njombe, Urundi, na Wamakonde walivuka kutoka Msumbiji. Wakati wa vita serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwachukua watu kwa nguvu na kuwapeleka mashambani, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda shirika lao la kuandikisha vibarua, lile wazee wetu waliloliita Silabu. Mtu alivikwa namba, akapewa blanketi, akapandishwa gari.

Kazi yenyewe wasioijua wanaiona nyepesi. Jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani. Unalikata karibu na shina, unaukata mwiba, unayafunga majani mafungu, unayapanga kwa kipimo mpaka mnyapara aje ahesabu. Utomvu wake unawasha ngozi. Babu alikuwa na kovu karibu na jicho, la mwiba. Kwa hiyo ninaposoma kwamba mkonge ulijaza pengo la manila vitani, ninajua ni mikono gani iliyolijaza. Naomba hilo liingie kwenye somo lako, wanafunzi walisikie.

#7 Mwalimu wa Muheza

Litaingia, ndugu yangu. Wengi wa wanafunzi wangu ni vitukuu vya manamba na hawajui. Majina yao ya Kigoma na Ruvuma yamo kwenye rejista ya shule ya Muheza, na mtoto akiulizwa kwao wapi anasema hapahapa. Ni kweli, ni hapahapa, lakini ana haki ya kujua aliletwa na nini.

Nikamilishe kidogo. Baada ya vita bei ilipanda, na mwaka 1964 Tanzania ilifikisha karibu tani 230,000 za mkonge, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Kilichouangusha kwa sehemu kubwa ni kamba za plastiki, hizohizo ambazo leo tunaziita manila.

#8 Nahodha wa Kigombe

Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Mimi ni mvuvi, naomba niseme ya baharini.

Kamba ya kwetu ya asili ni ya makumbi ya nazi. Makumbi yanafukiwa pwani kwenye mchanga unaofikiwa na maji, yanakaa miezi mpaka yalainike, yanafukuliwa, yanapondwa kwa mchi, ule usumba unaoshwa na kusokotwa. Mitepe ya zamani ilishonwa kwa kamba hizo, mbao kwa mbao, bila msumari. Maji ya chumvi hayazisumbui.

Manila ya plastiki ina faida yake na ubaya wake. Inaelea, na hilo ni zuri kwa kamba ya boya, ila ni hatari kwa wenye mashine, kwa sababu kamba iliyokatika inabaki juu ya maji na kuzonga panga la injini. Jua nalo linaila. Ukiona imeanza kutoa vinyweleo vinavyochoma viganja, usiitegemee kwenye nanga. Fundo lake linateleza, fungo moja halitoshi, lirudie. Na ukiikata, ncha zote mbili zichome kwa kiberiti, uzifinye zikiwa bado laini, la sivyo itafumuka yote.

Mzee wangu alifanya kazi kwenye meli akaiwahi ile ya asili. Alisema ikilowa inakaza, fundo lake unalifungua kwa msumari wa mbao. Sasa Mwalimu umenieleza ilikuwa mgomba. Allah ni Mwingi wa hekima.

#9 Bint Jambiani

Shikamoo Nahodha. Shikamooni wakubwa wote humu.

Mimi nalima mwani. Sisi bila kamba hatuna shamba. Tunachomeka vigingi viwili, tunatandaza kamba ya manila nyembamba baina yake, na kwenye kamba kuna taitai, vile viuzi vidogo, kila kimoja kinashika kipande cha mbegu. Kazi tunaifanya maji yakitoka, hasa bamvua, tukiwa tumeinama mpaka maji yanaporudi magotini. Wiki kama sita baadaye tunavuna.

Nimesoma Ufilipino hapa nikashtuka, maana mbegu yetu ilitoka huko. Kilimo hiki kilipoanza hapa Unguja mwaka 1989, mbegu ya spinosum na cottonii, aina mbili za mwani, ililetwa kutoka Ufilipino, na hii njia ya vigingi na kamba vilevile. Tunafunga mmea wa kwao kwa kamba yenye jina la mji wao! Mama yangu alikuwa miongoni mwa walioanza kijijini, hajawahi kuambiwa hili. Nitamsomea leo.

Cottonii ndiyo yenye bei, lakini maji yakipata joto inaoza na kukatika, tunabaki na spinosum. Na taitai zilizochakaa naomba wenzangu tuziokote. Haziozi, zinabaki mchangani na kwenye matumbawe.

#10 Shabiki wa Ndondi

Kwangu mimi Manila ni pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier, tarehe 1 Oktoba 1975! Raundi 14, kisha kocha Eddie Futch akamzuia Frazier asitoke kwa raundi ya 15 kwa sababu macho yamevimba haoni. Wazee waliosikiliza redioni wanasimulia mpaka leo.

Na hapo pia jina limezidi mji. Ukumbi wenyewe uko Quezon City, ambayo ndiyo ilikuwa makao makuu rasmi ya nchi wakati ule. Dunia nzima ikasema Manila.

#11 Mtunza Masjala

Mwalimu, na jina lenyewe Manila maana yake nini? Wahispania ndio waliouita hivyo?

#12 Mwalimu wa Muheza

Hapana, mji ulikuwepo. Wahispania chini ya kamanda wao Legazpi walifanya Manila makao yao mwaka 1571, lakini walikuta Maynila, mji wa Waislamu wenye mtawala wao, Raja Sulayman, na uhusiano na Brunei. *May* kwa Kitagalogi ni "kuna", na *nila* ni mmea unaotoa rangi ya buluu iliyoiva. Palipo na mnila, tuseme. Wapo wanaosema jina linatokana na kichaka fulani cha mikokoni kiitwacho nilad, ila maelezo ya rangi ndiyo yenye mizizi imara zaidi.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya niandike uzi mzima. Hilo *nila* limetoka Kisanskriti, *nila*, buluu iliyokoza. Neno hilohilo lilipita Uajemi na Uarabuni likafika kwetu likiwa *nili*. Ndiyo nili ya upinde wa mvua tunayowafundisha watoto kati ya buluu na urujuani. Ndiyo nili iliyotia rangi kaniki za bibi zetu. Yaani mtoto wa Kiswahili anayetaja nili, na mtoto wa Kifilipino anayetaja jina la mji mkuu wake, wanatumia mzizi mmoja uliosafiri kwa biashara ya bahari ileile, mmoja ukaelekea mashariki na mwingine magharibi.

Na kingine. Huko Ufilipino, walimu na wanafunzi nao hununua shiti kubwa za karatasi, wanaandika kazi za vikundi kwa mark pen na kuzibandika ubaoni. Na wao wanaziita karatasi za manila.

#13 Mkazi wa Voi

Mwalimu umenimaliza. Basi abaka yenyewe bado inatumika mahali, ama imekufa?

#14 Mwalimu wa Muheza

Ipo, na Ufilipino bado ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya abaka duniani, ikifuatiwa na Ecuador. Vipakiti vya majani ya chai, ile karatasi nyembamba isiyopasuka kwenye maji ya moto, vingi vina abaka. Noti za yen za Japani zina abaka. Noti za karatasi za Ufilipino zilikuwa na abaka asilimia 20 na pamba asilimia 80. Unaona, ugumu ule uliowapendeza mabaharia ndio unaotakiwa kwenye noti inayokunjwa kila siku.

#15 Fundi Patani

Na migomba yetu ya Bukoba, Moshi, Rungwe? Tunakula ndizi, mashina yanaoza shambani. Haitoi nyuzi?

#16 Mwalimu wa Muheza

Inatoa, fundi. Si imara kama abaka, lakini inatoa. Uganda wapo wanaokamua nyuzi za mashina ya migomba na kufuma mazulia na mikoba.

Wanafunzi nao waliuliza kama tunaweza kutengeneza karatasi kwa kamba, kama wale ndugu wa 1843. Tutafanya, na mwalimu yeyote anaweza kufanya. Chukua kamba kuukuu ya katani, yaani ya mkonge, kata vipande vifupi kama urefu wa ukucha. Loweka usiku kucha. Chekecha majivu ya kuni, yachanganye na maji, acha yatulie, chuja, halafu chemsha vipande ndani ya maji hayo ya majivu kwa saa kadhaa mpaka nyuzi zilainike. Hapo mtu mzima asimamie, watoto wakae mbali, maji ya majivu yakichemka yanaunguza ngozi na macho. Suuza mara nyingi. Twanga kwenye kinu mpaka upate kitu kama uji wenye nyuzi. Mimina kwenye beseni la maji, koroga, chota kwa fremu ya mbao iliyowambwa chandarua, acha maji yachuruzike, pindua juu ya kitambaa, kandamiza kwa ubao na mawe, anika kivulini. Itatoka nene, yenye rangi ya manjano iliyofifia.

#17 Bint Jambiani

Mwalimu, hapa tuna marundo ya kamba za mwani zilizochakaa. Nikuletee?

#18 Mwalimu wa Muheza

Ahsante mwanangu, za mwani usilete kwa kazi hii, ni plastiki. Hazilowi, hazisagiki, na jikoni zitayeyuka na kutoa moshi mbaya. Anayepita Muheza akiwa na kamba ya katani, hata ile ya kufungia magunia, aniletee shuleni. Hata kipande cha mita moja kinafaa.